Tuchukue Vikapu

Ndugu wafanya kazi,

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imekatazwa katika Kenya, na faini yake ni shilingi milioni 2 mpaka milioni 4, au kifungo. Hata hivyo jioni tukitoka kazini twapewa nyanya na sukuma wiki katika vijifuko vile vile, nasi twavipokea kimya.

Vijifuko hivyo huishia mferejini. Aprili 2024 maji yalipofurika Mathare na Mukuru, nyumba zilizozama zilikuwa zetu. Mvua ilikuwa kubwa, kweli, lakini mfereji uliozibwa haupitishi hata mvua ndogo.

Hatusahau wenzetu wa viwanda vya mifuko waliopoteza kazi mwaka ule wa 2017; chama kina haki ya kuuliza walipewa nini. Wala tajiri anayemwaga uchafu wa kiwanda mtoni hatumsamehe. Lakini tutamshitaki vipi, na kijifuko tumekishika mkononi?

Basi asubuhi tutokapo nyumbani tuchukue kikapu au kiondo, wanaume pia, wala si aibu. Na mama mboga tumwambie mapema, kabla hajafungua kijifuko: tia humu.