Mlipeni kwanza, kisha mpigieni makofi

Hebu tuanze na swali rahisi. Ukiambiwa umtaje mtu mmoja wa chuoni ambaye bila yeye ungekwama, ungemtaja nani? Na ukishamtaja, jiulize la pili: je, amewahi kuitwa jukwaani akapewa hata cheti cha karatasi?

Wangu ni fundi wa maabara ya kompyuta. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na sioni haya kusema. Lakini kabla sijatoka, jamaa huyo alikuwa akitufungulia maabara Jumamosi saa moja asubuhi, siku ambayo halipwi, ili sisi tusio na laptopu tupate mahali pa kujifunzia. Hapo ndipo nilijua kuunda tovuti, na ndiyo kazi inayonilipia nyumba leo. Mwaka huo chuo kilifanya hafla ya kutuza wafanyakazi bora. Tuzo zikaenda kwa wakubwa, mgeni wa heshima akahutubu weee, na fundi wangu alikuwa pale nyuma akirekebisha waya wa maikrofoni.

Usinielewe vibaya. Sisemi wakubwa hawafanyi kazi. Nasema vyuo vyetu vina tabia ya kumwona mtu akishapanda, si akiwa anabeba mzigo.

Chukua mwaka wa 2025. Septemba 17, wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma waligoma. Madarasa yakafungwa, makomredi wengine wakarudi ushago, wengine wakabaki hosteli wakihesabu siku. Mgomo uliisha Novemba 5, siku 49 baadaye. Walichokuwa wakidai kikubwa ni Sh7.9 bilioni za mkataba wa malipo wa 2017 hadi 2021. Soma hiyo miaka tena. Mtu alifundisha, mkataba ukaisha, na miaka minne baadaye bado yuko barabarani na tawi la mti akidai jasho lake. Mwishowe serikali ikakubali kulipa kwa awamu mbili.

Sasa wewe mpe mtu kama huyo ngao ya "Mhadhiri Bora". Ataiweka wapi? Kwa landilodi?

Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Mshahara ni haki, tuzo ni shukrani. Ukimpa mtu shukrani mahali pa haki, umemdharau. Lakini pia usidhani ukishamlipa umemaliza. Hakuna mkataba unaomlazimisha mhadhiri kukaa na wewe saa mbili baada ya kipindi kwa sababu hujaelewa hesabu. Hiyo anakupa tu. Ndiyo maana shukrani zina kazi yake, mradi zisije kuficha deni.

Na historia yetu inaonyesha tunavyochelewa. Wangari Maathai alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Alipigania wahadhiri wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume. Mwaka 1982 alijiuzulu ili awanie ubunge. Akazuiwa kuwania, na aliporudi kuomba kazi yake, chuo kikamkatalia na akatakiwa kuhama nyumba ya chuo. Mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo chuo hichohicho kina taasisi yenye jina lake.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikuwa mkuu wa Idara ya Fasihi hapohapo alipowekwa kizuizini bila kesi mwishoni mwa 1977. Alipoachiliwa mwaka uliofuata, kazi yake hakurudishiwa. Alipofariki Mei 2025, kila mtu alikuwa na la kumsifu. Maua kaburini hayana gharama. Kumrudishia mtu ofisi yake akiwa hai ndiko kugumu.

Labda utasema hayo ni ya zamani, siasa za wakati ule. Sawa. Lakini angalia mizani tunayotumia sasa. Vyuo huhesabu kinachohesabika kwa urahisi: makala zilizochapishwa, pesa za utafiti zilizoletwa, idadi ya waliofuzu. Si vibaya, utafiti ni muhimu. Shida ni kwamba mizani hiyo haimwoni mhadhiri wa muda anayezunguka vyuo vitatu kwa wiki, akisahihisha mitihani ndani ya matatu huku malipo yake yakingoja. Haimwoni mama anayesafisha hosteli, ambaye ndiye wa kwanza kugundua kwamba msichana wa chumba fulani hajatoka siku mbili. Na haiwezi kumwona fundi wangu, kwa sababu mimi aliyenisaidia sikufuzu. Kwenye takwimu za chuo, mimi ni hasara.

Wanafunzi je? Anayepata daraja la kwanza hutajwa siku ya mahafali, na anastahili. Lakini yule kiongozi wa darasa aliyepanda ngazi za idara wiki nzima akifuatilia alama zilizopotea za watu arobaini, nani anamjua? Bila yeye, nusu ya hao hawangevaa joho.

Basi tufanyeje? Kwanza, malipo yaliyochelewa yamalizwe kabla ya mtu kukodi tenti na viti vya hafla. Pili, wanaohudumiwa ndio wapendekeze majina, na vigezo vibandikwe mapema kila mtu avione. Kamati ya wakubwa ikichagua peke yake, itachagua wakubwa. Tatu, kuwe na nafasi ya wafanyakazi wasiofundisha, wahadhiri wa muda na wanafunzi wanaosaidia wenzao. Nne, tuzo iwe na uzito. Mwanafunzi apunguziwe karo ya muhula. Mhadhiri wa muda apewe mkataba wa kueleweka. Mfanyakazi alipiwe kozi aliyokuwa akiitamani. Ngao haipikwi.

Najua wengine watasema tuzo huleta upendeleo, kwamba zitaishia kuwa mashindano ya nani anapendwa. Inawezekana. Ila upendeleo tayari upo, tofauti ni kwamba umefungiwa chumbani. Afadhali uletwe mezani tuujadili.

Lakini kuna sehemu ambayo si ya serikali wala ya Naibu Chansela. Ni yako. Yule mtu uliyemtaja mwanzoni, namba yake pengine bado unayo. Mpigie. Mwambie alichofanya na kilikusaidia vipi. Kama bado uko chuoni, iandikie idara yake barua ya ukurasa mmoja na uombe iwekwe kwenye faili lake, ili siku ya kupandishwa cheo iwe imo.

Mimi nilimpigia fundi wangu wiki jana. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kwani ile maabara ilikusaidia?" Miaka yote hiyo alikuwa hajui. Hakuna aliyewahi kumwambia, nami nikiwa mmoja wao.