Mgeni wa chumba cha habari apewe jembe

HOJA YA WIKI
Na Rehema Mshana

Kuna miezi ambayo makundi ya WhatsApp ya waandishi wa habari hujaa matangazo ya safari. Harvard inaita, Oxford inaita, Beijing inaita. Mhariri anaombwa barua ya utambulisho, mwandishi anapekua makala zake za zamani atafute zitakazomtoa kimasomaso, na anayebahatika huagwa kwa soda na keki. Akirudi, mara nyingi hakuna anayemuuliza amekuja na nini. Anakuta zamu yake ya mahakamani kapewa mwingine, naye anapangiwa semina ya hotelini.

Sina ugomvi na safari hizo. Ugomvi wangu ni na mazoea yetu ya kuzihesabu zote kuwa kitu kimoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nadhani hicho ndicho kipimo kinachotufaa: mwandishi akishafika ugenini, anapewa kazi au anabaki kukirimiwa?

Zipo safari za kusoma. Maarufu kuliko zote ni Nieman ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyoanza mwaka 1938 kwa fedha za wosia wa Agnes Wahl Nieman, mjane wa mwasisi wa gazeti la The Milwaukee Journal. Mwandishi hukaa pale mwaka wa masomo, akachagua madarasa anayoyataka, na hapewi shahada. Kwa mtu aliyekimbizana na habari kwa miaka kumi na mitano bila kupata muda wa kusoma kitabu, hiyo ni neema.

Zipo safari za serikali. Marekani ina mpango wake wa kualika wageni wa kada mbalimbali, waandishi wakiwamo. China nayo, tangu 2014, imekuwa ikiwaalika waandishi wa Afrika kukaa Beijing kwa miezi kadhaa. Malazi yapo, posho ipo, ziara za mikoani zipo. Mwandishi hujifunza mengi, lakini ratiba inapangwa na mwenyeji, na anayepanga ratiba ndiye anayeamua mgeni aone nini na asione nini. Hilo ni kweli Beijing, na ni kweli Washington pia.

Halafu zipo zile za jembe. Mwaka 1983 Alfred Friendly, aliyewahi kuwa mhariri mtendaji wa The Washington Post, alianzisha mpango wa kuwapeleka waandishi wa nchi zinazoendelea kwenye vyumba vya habari vya Marekani. Siku hizi huanza na mafunzo katika Chuo Kikuu cha Missouri, kisha kila mmoja hupelekwa kwenye chombo cha habari akafanye kazi. Huko anaingia kikao cha asubuhi, anatetea wazo lake la habari, anatumwa, na anaporudi habari yake inapekuliwa na mhariri asiyejali ametoka bara gani. Somo hilo halipatikani kwenye ukumbi wa mikutano.

Tuzo ya Komla Dumor ya BBC, iliyoanzishwa kumkumbuka mtangazaji wa Ghana aliyefariki Januari 2014, nayo humpa mshindi miezi mitatu ya kazi London. Afrika Mashariki imeitwaa mara kadhaa: Nancy Kacungira mwaka 2015, Waihiga Mwaura 2018, Solomon Serwanjja 2019, Victoria Rubadiri 2020. Tazama walikoelekea baadaye. Kacungira alikwenda BBC, Mwaura akafuata BBC, Rubadiri akaenda CNN. Serwanjja alibaki Uganda, akaanzisha taasisi ya uandishi wa habari za uchunguzi. Siwalaumu walioondoka. Mtu aliyenolewa huenda anakothaminiwa. Lakini hesabu hiyo itufundishe kwamba njia ya kwenda Ulaya peke yake haitajaza vyumba vyetu vya habari.

Njia ninayoitaka mimi ni fupi zaidi. Inapita mipaka ya Namanga, Mutukula na Rusumo, kwenda kwa majirani zetu.

Kumbuka mwaka 2017, Tanzania ilipoteketeza vifaranga 6,400 vilivyodaiwa kuingizwa kinyemela kutoka Kenya. Nairobi iliandika ukatili, Dar es Salaam tukaandika sheria na mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Huku tuliandika uonevu, kule wakaandika usalama wa chakula. Kila upande ulikuwa na nusu ya habari. Ni waandishi wangapi wa Dar walioketi na msaga unga wa Nairobi, na wangapi wa Nairobi waliokwenda soko la nafaka la Kibaigwa kuona mahindi yanavyokaushwa?

Mji wa Goma, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mfano unaouma zaidi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Waasi wa M23 walipoutwaa mji huo mwishoni mwa Januari 2025, wakazi wake walikuwa wakieleza masaibu yao kwa Kiswahili. Vyumba vyetu vya habari vikategemea mashirika ya nje, yaliyoandika kwa Kiingereza na Kifaransa, kisha tukakaa kutafsiri maneno ya jirani yetu kuyarudisha katika lugha aliyoyasema.

Mfano wa kuiga upo. Tangu 1988 mpango wa Arthur F. Burns umekuwa ukiwapeleka waandishi wa Ujerumani kufanya kazi katika vyumba vya habari vya Marekani, na baadaye wa Marekani kwenda Ujerumani, takribani miezi miwili. Pande zote mbili hutuma na hupokea. Norec, shirika la serikali ya Norway, hugharimia taasisi kubadilishana wafanyakazi hata pale ambapo zote mbili ziko Kusini. Fedha za kuanzia zinaweza kuombwa, ingawa kwa hili hatuhitaji nyingi.

Gazeti la Dar na gazeti la Nairobi yapeane mwandishi mmoja mmoja kwa miezi mitatu. Kila mmoja aendelee kulipwa mshahara na mwajiri wake, na mwenyeji atoe chumba na nauli za kazini. Mgeni aingie kwenye zamu kama wenzake, na habari zake zichapishwe kote kuwili. Akirudi, aketi na wenzake awaoneshe alichokiona kikifanyika vizuri kuliko kwao, na kilichomshinda. Kampala, Kigali, Bujumbura na Bukavu wafuate.

Kikwazo kikubwa si nauli, ni vibali. Januari 2015 serikali yetu ilizuia gazeti la The EastAfrican kusambazwa nchini kwa hoja ya usajili. Kama karatasi ilikwama, mwandishi mwenye kalamu atapitaje? Kenya ina Baraza la Vyombo vya Habari linalotoa kadi. Sisi tuna Bodi ya Ithibati chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Vyombo hivyo viwili vikiafikiana kutambua kadi za wenzao kwa miezi mitatu, bila kumtoza mwana Jumuiya ada ya mgeni wa mbali, nusu ya safari itakuwa imekwisha.

Jukwaa la Wahariri Tanzania na chama cha wahariri cha Kenya wana viongozi wanaofahamiana na kupigiana simu. Wasingoje mfadhili awaandikie andiko la mradi. Waanze na waandishi wawili, mmoja aje na mmoja aende, na ajaye asipewe ratiba ya ziara. Apewe zamu.