Rekodi Dani Kabla Hujachelewa

Wasee, juzi nilimwambia binamu yangu wa Gredi 4 hapa Migori anipigie stori yoyote anayoijua. Akanipa Cinderella, mwanzo mpaka kiatu. Poa. Nikamuuliza, na Simbi Nyaima je? Akanitolea macho tu.

Simbi Nyaima iko hapo karibu na Kendu Bay, Homa Bay. Ziwa dogo la kijani. Wazee husema palikuwa kijiji, watu wanaponda raha usiku, akaja bikizee kuomba mahali pa kulala, wakamfukuza. Mama mmoja tu alimkaribisha. Mvua ikashuka, kijiji kikazama. Hiyo stori unaweza kuipandia matatu ukaione!

Ndiyo maana mtu akiniambia fasihi ya watoto ililetwa na wazungu, hapo tunakosana. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mzee ambapo watoto walilala na kupigiwa sigana baada ya chakula cha jioni. Hata Ulaya ilianzia mdomoni. Perrault alipochapisha Cinderella Ufaransa mwaka 1697, stori yenyewe ilikuwa inazunguka kitambo. Ndugu Grimm wa Ujerumani, 1812, nao walikusanya za watu. Tofauti ni moja tu: kuna mtu aliziandika.

Kwetu pia wapo walioandika. Asenath Bole Odaga alianza vitabu vya watoto miaka ya 1960, na mwaka 1980 akatoa Thu Tinda, jina linalotokana na maneno ya kufunga sigana. Grace Ogot akaichapisha Miaha kwa Dholuo mwaka 1983. Lakini nilipozunguka maduka ya vitabu nikivitafuta, nilionyeshwa vya shule na vya marudio tu.

Najua kuna mtu atasema hizo stori ni za kizamani, zingine zinawaonea wanawake. Ni kweli, zingine hata mimi siwezi kumpigia dada yangu bila kusimama katikati. Basi tubishane nazo. Lakini utabishanaje na stori usiyoijua?

Sasa niseme ukweli wangu. Dani yangu alifariki mwezi wa nane. Alikuwa na Nyamgondho wa Gwassi kwa namna yake: akifika pale ng'ombe wanamfuata yule mwanamke kurudi ziwani, anaimba. Huo wimbo hakuna mtu nyumbani anaoukumbuka wote. Mimi mwenye simu niko na video kama 400 za uso wangu. Yake ni moja, sekunde 11, anauliza nani amemaliza sukari.

Kwa hivyo Desemba ukienda ocha, usingoje vifaa vya maana. Ngoja watu wale, mkae karibu na dani, bonyeza rekodi, halafu nyamaza. Akirudia, mwache arudie. Watoto wa nyumba wawepo, kwa sababu stori ni yao.

Mimi nilichelewa. Wewe bado uko na wako.