Konokono wa Mwea na maji ya Kilimanjaro

Mwaka 1986 kombe mdogo wa Asia alionekana katika Ghuba ya San Francisco, Marekani, akiaminika kuletwa na maji yaliyobebwa matumboni mwa meli. Haikupita miaka mingi akawa ametapakaa matopeni, akichuja vijimea vinavyoelea majini, chakula cha vidudu vinavyoliwa na samaki. Samaki wakapungua. Kombe yupo hadi leo.

Ni habari ya mbali, lakini jamaa yake amefika jirani. Mwaka 2020 ilithibitika kwamba konokono wa Amerika Kusini, Pomacea canaliculata, ameingia katika skimu ya mpunga ya Mwea, Kenya. Huyu hachuji, anatafuna. Miche iliyotoka kupandikizwa huikata usiku, na kukicha mkulima anakuta jaruba lina mapengo. Huko Asia watu wenyewe ndio waliompeleka, kuanzia karibu mwaka 1980, wakitaka kumfuga awe kitoweo. Akatoroka, akahamia mashambani.

Gamba lake la kahawia linaweza kumchanganya mtu. Mayai ndiyo yanayomsaliti: vishada vya rangi ya waridi iliyokolea, kila kimoja na mamia ya mayai, vimegandishwa juu ya usawa wa maji, kwenye shina la mpunga, kwenye gugu, hata kwenye ukuta wa mfereji. Jaruba likikauka, konokono hujifukia topeni, akafunga mlango wa gamba na kungoja maji kwa miezi.

Kwa hiyo tope lililoganda kwenye magurudumu ya pawatila si uchafu tu: linaweza kumficha konokono na kumvusha hadi shamba jingine.

Hapa kwetu Kilimanjaro, Tanzania, tuna la kuhofia: skimu ya mpunga ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, inanyweshwa na mto Rau na chemchemi za Njoro. Maji ya ukanda huu huteremka hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani. Uzembe wa vijiji vya skimu hiyo, Chekereni au Mabogini, utalipwa na wakulima na wavuvi wa chini ambao hawakuulizwa.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha, ihakikishe mashine za kilimo zinazopita mpaka wa Holili kutoka Kenya zinaoshwa kabla ya kuvuka. Viongozi wa skimu wakague mifereji kila msimu. Nawe mkulima, ukiona kishada cha waridi usikishike kwa mkono mtupu: kikwangue kwa kijiti, kiponde, na umpigie afisa ugani siku hiyohiyo.