Injini Kubwa, Breki Zile Zile

Wasomaji wengi mnaijua barabara ya Mai Mahiu, ile iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kanisa lao dogo likiwa kando yake. Kwa miaka mingi niliupanda mlima ule na pikapu yangu ya Hilux, vitunguu vya Naivasha nyuma, gia ya pili, malori yakinipigia honi. Injini yake ilikuwa 2L ya dizeli, sentimita za ujazo 2446. Nikachoka kuchekwa.

Nikaenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, nikanunua injini ya mtumba kutoka Japani, aina ya 3L, sentimita za ujazo 2779. Fundi aliyeifunga hana cheti cha shule yoyote. Lakini alijua kwamba injini hizo mbili ni za ukoo mmoja, hivyo ya pili ingekaa mahali pa ya kwanza na kukubaliana na gia boksi bila kukata chesi. Aliiwasha, akasikiliza, akagusa pampu kidogo, akasikiliza tena. Kabla ya jua kutua kazi ilikuwa imekwisha. Huo ni ustadi, na wanaoutaja kwa dharau kuwa ni mambo ya jua kali wangefaa kulala chini ya gari pamoja naye siku moja tu.

Kijijini nilipokewa kama bwana harusi. Kila mtu aliuliza, “Sasa inapanda na gia gani?” Hakuna aliyeuliza habari za breki. Mimi pia sikujiuliza.

Wiki ya pili nikawa nateremka Mai Mahiu na magunia ya mbolea, matano zaidi ya kawaida yangu. Nilikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikalazimisha gia ya pili, nikaliingiza gari katika lundo la kokoto, likasimama. Mama niliyempa lifti, mtoto mgongoni, hakusema neno. Alishuka akaenda zake kwa miguu.

Silaumu injini. Mteremkoni si yo iliyonisukuma. Ni mimi niliyeongeza mzigo na mwendo kwa sababu ya kiburi chake. Na hesabu yenyewe si ngumu: ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 80, breki huhitaji karibu mara mbili ya masafa ya kwanza ili kulisimamisha gari.

Kisha kuna logibuku. Nambari ya injini iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya chuma kilichokwisha kuuzwa kwa kilo. Badiliko kama hilo lazima liandikishwe, siku hizi kwa NTSA, na kampuni ya bima iarifiwe. Je, yule mama angeumia, ningemwonyesha nani karatasi zile?

Kwa hivyo nawaomba wenye pikapu: fedha za injini zikipatikana, zitengwe pamoja nazo za breki, rejeta na springi. Nanyi mafundi, mnaoheshimiwa hata msipojua, kataeni kumkabidhi mtu ufunguo kabla hamjalijaribu gari likiwa na mzigo, mteremkoni.

Yangu sasa ina lainingi mpya, na jina la injini yake limo katika karatasi. Mlima inaupanda na gia ya tatu. Magunia ni yale yale ya zamani.