NANI ANAMLIPA MTAYARISHAJI?

Kijana, ukiwa kijiweni mbele ya televisheni, habari za biashara zikianza unapiga kelele: badilisha, tunataka mpira! Safari hii usibadilishe. Mtazame yule mtangazaji mwenye tai. Unadhani yeye ndiye mwenye kipindi? Hapana. Nyuma ya kioo yupo mtu usiyemwona, mtayarishaji. Huyo ndiye anayeamua habari ipi itangulie, mgeni gani aitwe na apewe dakika ngapi. Mtangazaji akigeuza swali ghafla, ujue kanong'onezwa kupitia kile kidude cha sikioni.

Kazi hiyo huanzia chini: kupiga simu kutafuta wageni, kuchambua mahesabu ya makampuni usiku wa manane. Akipanda, mtaji wake ni kitabu chake cha simu. Humo wamo wakurugenzi, mabenki na madalali wa hisa. Hapo ndipo penye mtego. Akiwabana leo, kesho hawaji. Na wapo wengi wanaoacha televisheni na kuajiriwa na makampuni yale yale kuwa wasemaji wao. Sasa utambane vipi bwana unayemtarajia akupe kazi?

Twende Marekani, ambako biashara hii imekomaa. Kituo cha CNBC kilianza Aprili 1989, na mwaka 1991 kikamnunua mpinzani wake, FNN, aliyekuwa amefilisika. Mwenye mali alikuwa nani? General Electric, watengenezaji wa injini za ndege na mitambo ya umeme, na wakopeshaji wakubwa, walioinunua NBC mwaka 1986. Yaani mtayarishaji alitangaza habari za soko la hisa huku akilipwa na kigogo wa soko hilo hilo! Agosti 2009 kigogo huyo akakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya kupotosha mahesabu yake, bila kukiri wala kukana. CNBC ilikuwa bado mikononi mwake. Sisi hatusemi mtayarishaji aliambiwa anyamaze. Tunauliza tu: wewe ungekuwa na ubavu wa kumhoji anayekulipa?

Machi 11, 2008, mtangazaji wa CNBC, Jim Cramer, alimwambia mtazamaji asitoe fedha zake Bear Stearns. Siku tano baadaye benki hiyo ilikubali kununuliwa kwa dola 2 kwa hisa, ingawa bei ilipandishwa baadaye hadi 10. Alijitetea kuwa alizungumzia amana, si hisa. Septemba ikaanguka Lehman Brothers, na wafanyakazi duniani wakapoteza ajira. Aliyekuja kumkalisha Cramer kitako, Machi 12, 2009, na kumuuliza kituo chake kilikuwa upande wa nani, alikuwa mchekeshaji, Jon Stewart! Watayarishaji wenye elimu ya fedha walikuwa wapi?

Kwa hiyo akiletwa bwana wa benki kukueleza kwa nini riba imepanda, tazama kama kaletwa na wa kumpinga. Mama anayekopa ili auze vitumbua, yumo?

Nasi tunadai jambo moja kwa vituo vyetu. Kila mnapotangaza habari za kampuni, andikeni kwenye kioo kama kampuni hiyo inakimiliki kituo au inakilipa matangazo. Mstari mmoja unatosha, na nafasi ipo, pale chini zinapopita bei za hisa.