Boya ni Mlinzi Asiye na Sauti

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Askari apatapo likizo na kuichukua jamaa yake matembezini kwa motaboti, hukutana majini na walinzi wasiosema, nao ni maboya. Askari wa zamu langoni humsimamisha mpitaji kwa sauti. Boya halina sauti. Humfaa yule tu aijuaye lugha yake.

Januari 1971, baina ya Uingereza na Ufaransa, meli Texaco Caribbean iligongana na nyingine, ikalipuka na kuzama. Siku ya pili Brandenburg iligonga mabaki yake. Mahali hapo pakawekwa alama na taa. Hata hivyo, Februari, meli Niki ilipita papo hapo ikazama. Kwa jumla walikufa watu 51. Zama hizo dunia ilikuwa na mifumo zaidi ya 30 ya maboya, mingine ikipingana. Mwaka 1980 mataifa yaliafikiana kuwa na mfumo mmoja wenye kanda mbili.

Afrika imo katika kanda ya kwanza. Chombo kiingiapo bandarini kutoka baharini, boya jekundu huwa kushoto na la kijani kulia; kitokapo, huwa kinyume. Amerika, Japani, Korea na Ufilipino zimo katika kanda ya pili, ambako rangi hizo hubadilishana. Basi aliyejifunza uendeshaji huko asitegemee mazoea. Ziwani, mwelekeo wa kuingia huamuliwa na wenye mamlaka, nao huonyeshwa ramanini.

Boya la rangi nyeusi na njano huelekeza upande ulio salama. Ncha mbili za juu yake zikitazama juu, chombo kipite kaskazini yake. Zikitazama chini, kipite kusini. Boya jeusi lenye ukanda mwekundu na matufe mawili meusi limesimama juu ya hatari yenyewe, nalo huepukwa pande zote.

Yafaa baba na mama wazichore alama hizi pamoja na watoto kabla ya safari. Tena, chombo kisifungwe kamwe kwenye boya, wala taa yake isiguswe. Alisogezaye boya amemwondoa mlinzi zamuni, na atakayeangamia ni mpitaji wa usiku asiye na habari.